Mwandishi Mpya na Wakala wa Vitabu

(Maelezo ya mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wanaoandika riwaya)

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli sokoni, ambako mnunuzi huliona embe kwa macho yake na kulibonyeza kwa kidole kabla hajatoa fedha. Lakini kwa mswada wa riwaya methali hiyo haitoshi. Mswada uliofungiwa sandukuni, hata uwe mzuri namna gani, haujiuzi. Na mswada unaotembezwa ovyo, kwa kila mtu na kwa kila anwani, hupoteza heshima yake kabla haujafunguliwa. Iko njia ya tatu, nayo ni kuupeleka mswada kwa utaratibu mahali unapopaswa kwenda. Utaratibu huo ndio mada ya mazungumzo haya.

Inafahamika kwamba waandishi wengi wa Afrika wametoka katika ualimu na katika utumishi wa umma. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali. Euphrase Kezilahabi alikuwa mwalimu. Watu wa namna hii huandika usiku, baada ya madaftari ya wanafunzi kusahihishwa na majalada ya ofisi kufungwa. Kuandika wanakujua, lakini biashara ya vitabu hawakufundishwa chuoni. Hapo ndipo hasara inapoingia. Mtu hutoa usingizi wake wa miaka mitatu au minne, kisha akatia sahihi katika karatasi ambayo hakuisoma mpaka mwisho. Au akalipa fedha zake mwenyewe kwa mtu anayejiita wakala, naye asimwone tena.

WAKALA NI NANI?

Katika Uingereza na Marekani, kampuni nyingi kubwa za uchapishaji hazipokei mswada wa riwaya moja kwa moja kutoka kwa mwandishi asiyejulikana. Huupokea kutoka kwa wakala wa waandishi. Wakala huyo husoma miswada inayomfikia, huchagua michache anayoamini kuwa anaweza kuiuza, humshauri mwandishi juu ya marekebisho, huipeleka kwa wahariri anaowafahamu, na hujadiliana nao juu ya bei na masharti ya mkataba. Kitabu kikishatoka, yeye ndiye anayefuatilia malipo, na ndiye anayeuza haki nyingine zinazotokana na kitabu hicho, kama vile haki ya tafsiri, ya filamu na ya kitabu cha kusikiliza.

Kazi hii haina umri mkubwa. Ilianza kuwa kazi kamili mjini London katika miaka ya 1870, pale Mskoti aitwaye A. P. Watt alipoanza kuwauzia waandishi kazi zao kwa malipo ya asilimia 10 ya fedha walizopata. Baadaye aliwahudumia waandishi mashuhuri kama Rudyard Kipling na Arthur Conan Doyle. Wachapishaji wengine walimchukia mtu huyu wa katikati. Mchapishaji William Heinemann, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1890, alikuwa miongoni mwa wapinzani wakubwa wa mawakala. Sababu ya chuki hiyo ni rahisi kuielewa. Kabla ya wakala, mchapishaji mzoefu alikuwa akikaa mezani na mwandishi asiyejua bei ya kazi yake. Baada ya wakala, pande zote mbili za meza zikawa na mtu anayejua hesabu.

Wako wanaosema kwamba wakala ni dalali tu. Kufanana kupo, lakini tofauti ni kubwa. Dalali wa nyumba anaweza kupokea chake kwa mpangaji, na pengine kwa mwenye nyumba pia. Shughuli ikiisha, kila mtu hushika njia yake. Wakala wa waandishi humtumikia mwandishi peke yake, hulipwa kutokana na mapato ya mwandishi peke yake, na uhusiano wao huweza kudumu kwa vitabu vingi na kwa miaka mingi. Asipouza, hapati kitu. Kanuni hii moja, kwamba asiyeuza halipwi, ndiyo ufunguo wa mambo yote yatakayofuata.

MFANO WA ACHEBE

Hakuna mfano ulio bora kwa mwalimu na mtumishi wa umma kuliko ule wa Chinua Achebe wa Nijeria. Baada ya kufundisha shule kwa muda mfupi aliajiriwa katika shirika la utangazaji la nchi yake. Mwaka 1956 alipelekwa London kwa mafunzo katika chuo cha watumishi cha BBC, akiwa na mswada wake wa kwanza. Huko alimwonyesha Gilbert Phelps, mwandishi wa riwaya aliyekuwa akifanya kazi BBC. Phelps aliupenda, akataka kuupeleka kwa wachapishaji. Achebe alikataa. Aliona kwamba kazi bado.

Yafaa kutafakari juu ya kukataa huko. Kijana asiye na kitabu hata kimoja anafunguliwa mlango mjini London, naye anaurudisha. Aliporudi Nijeria aliukata mswada wake. Hapo mwanzo ulikuwa umechukua vizazi vitatu vya ukoo mmoja; yeye alibakiza kisa cha Okonkwo tu, akakiandika upya. Kisha, mwaka 1957, aliupeleka mswada wa mkono, ambao ulikuwa nakala yake pekee, kwa ofisi moja ya London iliyotangaza kazi ya kupiga miswada chapa. Ukapita muda mrefu bila jibu. Uliokolewa na Angela Beattie, mkuu wake kazini, ambaye alipokwenda Uingereza likizo aliingia katika ofisi hiyo na kuudai. Achebe alisema baadaye kwamba kama mswada huo ungalipotea, huenda angalikata tamaa kabisa.

Ulipokuwa tayari, Achebe aliupeleka kwa wakala aliyependekezwa na Phelps. Wakala aliutembeza kwa wachapishaji kadhaa. Baadhi waliukataa papo hapo, wakidai kwamba riwaya za Waafrika hazina soko. Mwisho uliwafikia Heinemann, kampuni ile ile ambayo mwanzilishi wake hakutaka kuwaona mawakala. Nao walisitasita, mpaka msomaji wao Donald MacRae alipotoa ripoti ya kuusifu kwa nguvu. Kitabu kilitoka mwaka 1958 katika nakala 2,000. Leo kimesomwa duniani kote, na wasomaji wa Kiswahili walikipata mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo.

Katika kisa hicho yamo mafunzo matatu. La kwanza, kazi ikamilike kabla ya kuonyeshwa. La pili, nakala pekee isitoke mkononi mwa mwenyewe. La tatu, mswada huo ulikataliwa na watu waliokuwa na uzoefu mkubwa, na watu hao walikosea.

KABLA YA KUANDIKA BARUA

Mwandishi wa riwaya ya kwanza hana budi kuimaliza riwaya yenyewe. Mwandishi wa kitabu cha historia au cha upishi aweza kukubaliwa kwa mpango wa kitabu na sura chache. Mwandishi mpya wa riwaya hawezi. Wakala akivutiwa na kurasa za mwanzo, ataomba mswada wote, na ataka auone mara moja. Asiyekuwa nao hupoteza nafasi ambayo aghalabu hairudi. Aidha, kumaliza si kufika ukurasa wa mwisho. Ni kuuweka mswada kando kwa wiki kadhaa, kuusoma upya kama kazi ya mtu mwingine, na kuwapa wasomaji wawili au watatu ambao hawaogopi kusema kweli. Mwalimu anayesahihisha insha za wanafunzi kwa kalamu nyekundu, asisite kuishika kalamu hiyo hiyo mbele ya kazi yake.

Jambo la pili ni kumchagua wakala. Si kila wakala hushughulikia kila aina ya kitabu; wengine hawapokei vitabu vya watoto, wengine hawapokei riwaya za upelelezi. Nchini Uingereza kipo kitabu cha mwongozo kiitwacho Writers' & Artists' Yearbook, ambacho kimekuwa kikitolewa kila mwaka kwa zaidi ya karne moja, na ndani yake mna orodha ya mawakala na mambo wanayopokea. Njia nyingine ni kutazama ukurasa wa shukrani katika riwaya inayofanana kwa namna fulani na ile iliyoandikwa, kwa kuwa waandishi wengi humtaja wakala wao hapo. Orodha ya mawakala kumi waliochaguliwa kwa makini ina faida kuliko ya mia waliookotwa.

BARUA, MUHTASARI NA SURA ZA MWANZO

Mawakala wa Uingereza kwa kawaida hutaka vitu vitatu: barua, muhtasari, na sura tatu za mwanzo au kurasa kama hamsini. Wa Marekani wengi hutaka kwanza barua ya ukurasa mmoja, pengine na kurasa chache tu, kisha wao huomba zaidi wakipendezwa. Siku hizi karibu vyote hupelekwa kwa barua-pepe au kwa fomu ya mtandao, kwa hiyo mtu aliye Songea au Kigoma hana tena hofu ya Achebe ya mswada kupotea baharini. Lakini kila wakala ana masharti yake, na asiyeyafuata huhesabiwa kuwa hakuyasoma.

Barua hii si barua ya ofisi. Haihitaji kumbukumbu namba, wala "husika na kichwa cha habari hapo juu", wala haipiti kwa Mwalimu Mkuu. Inamtaja wakala kwa jina lake, lililoandikwa sawasawa. Inataja jina la riwaya, aina yake na idadi ya maneno, ambayo kwa riwaya ya watu wazima aghalabu huwa kati ya 80,000 na 100,000. Inaeleza kisa kwa sentensi chache: ni nani, anataka nini, nini kinamzuia, na atapata hasara gani akishindwa. Inasema kwa nini amechaguliwa wakala huyu na si mwingine. Inamaliza kwa maneno machache juu ya mwandishi mwenyewe. Mwalimu aliyefundisha miaka kumi katika kijiji ambacho ndicho mahali pa riwaya yake, aseme hivyo. Ni sifa ya kweli. Vyeti vya semina havihusiki. Na kusema kwamba riwaya hii itatikisa dunia, au kwamba mke, mume na marafiki wote wameipenda, ni kumpa msomaji sababu ya kuiweka chini.

Muhtasari ni ukurasa mmoja au miwili unaosimulia kisa chote, pamoja na mwisho wake. Waandishi wapya wengi huuficha mwisho, wakidhani kwamba wakala atashikwa na hamu. Wakala hasomi muhtasari kwa starehe. Anataka kujua kama jengo lina paa.

Sura zinazopelekwa ziwe za mwanzo, kama zilivyo katika mswada. Mwenye kuchagua sura ya tano, ya kumi na mbili na ya ishirini kwa kuwa ndizo nzuri, amekiri mwenyewe kwamba mwanzo ni mbaya. Dawa yake ni kuuandika upya mwanzo huo.

KUSUBIRI NA KUKATALIWA

Baada ya kupeleka, kinachofuata ni kungoja. Majibu huchukua wiki sita hadi kumi na mbili, wakati mwingine zaidi, na wako mawakala wasiojibu kabisa kama hawakupendezwa. Kwa hiyo inaruhusiwa, tena ndiyo desturi, kuwapelekea mawakala kadhaa kwa wakati mmoja, ila mmoja akikubali wengine waarifiwe kwa adabu. Ni vema kupeleka kwa mafungu ya watano au sita. Majibu ya fungu la kwanza yakionyesha kasoro ile ile, mwandishi hupata nafasi ya kurekebisha kabla ya fungu la pili.

Wakala wa London aweza kupokea miswada maelfu katika mwaka, naye akachukua waandishi wapya wachache tu. Basi wengi lazima wakataliwe, na miongoni mwao wamo wazuri. J. K. Rowling, ambaye naye alisomea ualimu, aliwapelekea mawakala sura tatu za kitabu chake cha kwanza katika mwaka 1995. Wa kwanza aliukataa. Wa pili, Christopher Little, aliukubali, lakini wachapishaji wapatao kumi na wawili waliukataa kabla ya kampuni ya Bloomsbury kuupokea na kuuchapisha mwaka 1997.

Tena ieleweke kwamba wakala hukataa kwa sababu mbili tofauti. Ya kwanza ni kwamba kazi haijaiva. Ya pili ni kwamba kazi ni nzuri, lakini haoni atamwuzia nani. Na kwa kuwa yeye huishi kwa asilimia, kitabu chenye mapato madogo humpa asilimia ya kitu kidogo. Sababu hii ya pili ni ya soko, wala si hukumu juu ya fasihi. Mwandishi asiyetofautisha mambo haya mawili huweza kuichoma kazi njema, au kuing'ang'ania mbaya. Akiambiwa kwamba sura za mwanzo zinakwenda polepole, ashukuru na azitazame. Akiambiwa kwamba watu wa kijiji chake wabadilishwe ili wafanane na picha aliyonayo msomaji wa mbali, hapo ana haki ya kusema hapana.

FEDHA HUTOKA WAPI?

Wakala wa kweli hatozi ada ya kusoma mswada, ya kuuandikisha wala ya kuupeleka kwa wachapishaji. Chama cha mawakala cha Uingereza, kilichoundwa mwaka 1974, huwakataza wanachama wake kutoza ada ya kusoma. Kamisheni, ambayo wakati wa Watt ilikuwa asilimia 10, sasa kwa kawaida ni asilimia 15 kwa mauzo ya ndani na 20 kwa mauzo ya nje na tafsiri, nayo hukatwa baada ya fedha kuingia.

Hesabu yake ni hii. Tuseme mchapishaji ametoa malipo ya awali ya pauni 4,000. Wakala huchukua 600, mwandishi hubaki na 3,400, na fedha hizo hulipwa kwa mafungu: mkataba ukitiwa sahihi, mswada wa mwisho ukipokelewa, na kitabu kikitoka. Malipo hayo ni mrabaha uliotangulizwa. Kama kitabu kinauzwa pauni 10 na mrabaha ni asilimia 7.5 ya bei hiyo, kila nakala humletea mwandishi senti 75 za pauni. Kwa hiyo ni lazima ziuzwe nakala 5,334 kabla hajaanza kupata zaidi. Mwalimu anayedhani kwamba riwaya ya kwanza itamwondoa darasani, aifanye hesabu hii kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi.

Kutokana na hayo, mtu anayeandika akisema ameisoma kazi na kuipenda mno, ila apelekewe kwanza dola mia tatu za uhariri au za usajili, si wakala. Anapata riziki yake kwa matumaini ya waandishi, wala si kwa kuuza vitabu. Mchapishaji anayemtaka mwandishi agharimie uchapishaji huku akimwita "aliyechaguliwa" ni wa ukoo huo huo. Kujichapishia kitabu ni halali na wengi wamefanya hivyo kwa heshima. Lakini anayejichapishia ajue kwamba ananunua huduma ya mtambo, hajachaguliwa na mtu.

RIWAYA YA KISWAHILI

Hapa pana swali ambalo haliwezi kukwepwa. Wakala wa London au New York hawezi kuuza mswada asioweza kuusoma. Mwandishi wa riwaya ya Kiswahili hana sababu ya kumwandikia. Tangu zamani miswada ya Kiswahili imepelekwa kwa wachapishaji wenyewe. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitolewa mwaka 1971 na East African Literature Bureau bila desturi hiyo ya mawakala kuwapo katika nchi hizi. Leo pia njia kubwa ni wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi, pamoja na mashindano yanayopokea miswada ambayo haijachapishwa, kama tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Tuzo ya Mabati-Cornell na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023.

Lakini pasipo na wakala, kazi ya wakala haiondoki. Humwangukia mwandishi. Yeye ndiye atakayeandika barua fupi yenye adabu, atakayetengeneza muhtasari, na atakayeuliza maswali ambayo wakala angaliyauliza: Nakala ngapi zitapigwa chapa? Mrabaha ni asilimia ngapi, tena ya bei ya dukani au ya fedha alizopokea mchapishaji? Hesabu itatolewa mara ngapi kwa mwaka? Mkataba utadumu miaka mingapi, na kitabu kikiisha madukani bila kuchapwa tena, haki zitarudi lini? Haki za tafsiri na za filamu ni za nani?

Swali la mwisho si dogo. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitoa riwaya yake ya kwanza kwa Kiingereza mwaka 1987, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka 2022 riwaya yake ya Paradise ikatoka Dar es Salaam kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Ilikuwa miaka 28 tangu Paradise kutoka. Kitabu huweza kusafiri baada ya muda mrefu hivyo, na aliyeuza haki zake zote kwa mkupuo hana chake katika safari hiyo. Nchini Tanzania Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ipo kwa ajili hiyo. Hata hivyo sheria haimsaidii sana mtu aliyeitoa haki yake kwa sahihi yake mwenyewe.

Ndugu walimu na watumishi wa umma,

Wakala ni mtumishi wa kazi iliyokwisha kufanywa. Hawezi kuifanya riwaya mbovu iwe njema, wala hamiliki ile anayoiuza. Mwandishi anayemwendea akiwa na mswada uliokamilika, nakala yake nyumbani, barua ya ukurasa mmoja na hesabu kichwani, anamwendea kama mwenye mali anayetafuta msaidizi. Na yule ambaye lugha yake haina mawakala awe na mambo hayo hayo manne atakapobisha hodi kwa mchapishaji. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini akishakipata, asimame wima wakati wa kutia sahihi.